Mchongo wa fidia ya treni huku Uingereza: ukitumiwa ujumbe, usitoe akaunti yako

#1 Mleta uzi

Habarini wakuu. Jukwaa hili nalisoma miaka mingi, kuandika ni mara chache. Leo naandika kwa sababu kuna ujumbe unazunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp huku Uingereza, na umeshaingia ndani ya nyumba yangu.

Ujumbe unasema kuna fundi anayejua kutoa hela za treni. Humlipi kitu. Unampa jina, anwani na namba ya akaunti ya benki, yeye anajaza madai kwamba ulicheleweshwa safarini, hela ikiingia mnagawana nusu kwa nusu. Kusafiri si lazima, hata tiketi si lazima uwe nayo.

Kwa walio nyumbani, nianze na jinsi mambo yalivyo. Huku treni ikichelewa, abiria ana haki ya kurudishiwa sehemu ya nauli. Mpango unaitwa Delay Repay, upo tangu 2007. Mwanzo ulihesabu kuanzia dakika 30, na kuanzia mwishoni mwa 2016 kampuni moja baada ya nyingine zikaanza kulipa kuanzia dakika 15. Tuseme nauli ya kwenda tu ni pauni 12.40. Ukifika umechelewa dakika 15 hadi 29, kwa kampuni zinazohesabu kuanzia dakika 15, unarudishiwa robo, yaani pauni 3.10. Dakika 30 hadi 59 unapata nusu, pauni 6.20. Ikifika saa nzima wanakurudishia nauli yote ya kwenda. Ukiwa na tiketi ya kwenda na kurudi na umechelewa saa 2 au zaidi, unarudishiwa ya pande zote mbili. Una siku 28 za kudai. Na sababu ya kuchelewa si mzigo wako: iwe theluji, iwe mti umeanguka relini, iwe dereva hakutokea, unalipwa.

Huo ni mpango mzuri, na umemsaidia mtu kama mimi. Nafanya kazi ya kutunza wazee, natoka alfajiri narudi usiku, na kuna miezi hizo pauni tatu tatu zimekusanyika zikanunua kilo za mchele. Ndiyo maana jambo hili linaniuma.

Sasa mkasa wenyewe. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, yuko hapa kwa viza ya masomo. Mwaka jana akapokea ule ujumbe. Alikuwa na upungufu wa kodi ya chumba, akatoa akaunti yake. Hela ikaingia, pauni 40, mara pauni 60, akatuma nusu kwa fundi. Hakuniambia. Mara sita hivi, kwa hesabu yake.

Ikaja barua kutoka kampuni ya treni, sitaitaja. Ndani kulikuwa na orodha ya madai yaliyoletwa kwa jina lake. Yalikuwa 31. Yeye alijua sita tu. Mengine fundi aliyajaza kwa jina lilelile akaelekeza malipo kwenye akaunti nyingine. Mdogo wangu akaniletea ile karatasi, nikaisoma mstari kwa mstari, nikafika tarehe moja nikasimama. Ilikuwa siku ya Idi. Orodha inasema alikuwa kwenye treni ya asubuhi kuelekea kaskazini, kachelewa dakika 68. Mimi najua alikuwa wapi siku ile. Alikuwa jikoni kwangu anakuna nazi.

Nimeleta uzi ili anayefikiria kutoa akaunti yake asitoe. Na aliyekwishatoa aseme, tusaidiane.

#2 Mbeba Boksi

Dada, pole kwa yaliyomkuta mdogo wako, lakini mimi niko tofauti na wewe. Hizi kampuni zinatunyonya. Nauli zimepanda mwaka baada ya mwaka, treni zinafutwa ukiwa umesimama kwenye baridi, unafika kazini umechelewa unakatwa mshahara. Mimi nimekatwa. Nani alinifidia ule mshahara? Delay Repay inarudisha robo ya nauli, hairudishi saa yangu. Sasa mtu akichukua kidogo kutoka kwa tajiri, simwiti mwizi.

#3 Mleta uzi

Mkuu, hasira yako naielewa, na mimi nimekatwa mshahara kwa ajili ya treni. Lakini huyo tajiri unayemsema kwa sehemu kubwa hayupo tena. Tangu Machi 2020, ilipoingia korona, serikali ndiyo iliyobeba hasara na mapato ya kampuni nyingi za treni huku. Halafu ikapita sheria mwishoni mwa 2024 ya kuzirudisha mikononi mwa umma. South Western Railway ilichukuliwa Mei 2025, c2c Julai, Greater Anglia Oktoba. Kwa hiyo dai hewa la leo linalipwa na kodi, ikiwemo ile inayokatwa kwenye karatasi yako ya mshahara.

Kuhusu mshahara uliokatwa, hilo ni dai halali la kubishana na mwajiri. Tena kama hasara yako ni kubwa kuliko fidia ya mpango, sheria ya walaji haikuzuii kudai zaidi kwa kampuni. Ni njia ndefu, ila ni yako, unaingia kwa jina lako na tarehe zako za kweli.

#4 Msomaji wa Tabata

Nashangaa jamani. Yaani treni ikichelewa dakika 15 unarudishiwa hela? Huku nikikaa Kimara nusu saa kusubiri gari nashukuru Mungu nikipata pa kusimama. Swali langu: kampuni inajuaje kama kweli ulikuwemo? Kwenye daladala nikisema nilikuwemo, konda atanikumbuka vipi?

#5 Mlinda Geti

Nimefanya kazi getini kwenye stesheni za huku miaka kadhaa, nijibu hilo.

Umegusa kiini cha jambo. Tiketi nyingi za treni hazina jina. Kwenye ndege kuna orodha ya abiria, mtu hawezi kudai kiti ambacho hakukikalia. Kwenye treni unakata tiketi, unapanda yoyote inayoruhusiwa na tiketi yako, hakuna anayekuandika. Kwa hiyo mpango mzima umesimama juu ya kuaminiana. Unatuma picha ya tiketi, unataja treni, wanaangalia kumbukumbu kama treni ile ilichelewa kweli, wanalipa. Upenyo uko hapo, na wajanja wameuona.

Niliyoyaona ni ya aina nyingi. Kuna anayeokota tiketi zilizotupwa. Kuna anayebadilisha tarehe kwenye picha. Kuna anayekaa nyumbani akiangalia kwenye simu treni ipi imekwama leo, anakata tiketi yake dakika ileile, halafu anadai. Mwingine anadai fidia ya kuchelewa na papo hapo anaomba arudishiwe nauli yote kwamba hakusafiri. Hilo la mwisho watu wengi wanalifanya bila kujua kuwa ni kosa. Ukiahirisha safari kwa sababu treni imefutwa au imechelewa, unarudishiwa nauli yako kamili na aliyekuuzia tiketi, bila kukatwa ada. Fidia ya kuchelewa ni ya aliyesafiri. Huwezi kuwa umesafiri na hujasafiri kwa tiketi moja.

Sasa msidhani hawaoni. Tiketi ya simu ina msimbo wake, na kila ikisomwa getini au na mkaguzi inaacha alama ya mahali na saa. Tiketi isiyoonekana popote siku nzima, halafu inadaiwa fidia, inajitenga yenyewe. Akaunti moja ya benki ikipokea malipo ya majina manne, inaonekana. Mtu mmoja akiwa Brighton saa 2 asubuhi na Leeds saa 2 na nusu, inaonekana. Niliwahi kuonyeshwa picha za tiketi za watu wasiojuana, zote zimepigwa juu ya kitambaa kimoja cha meza, chenye doa moja la chai pembeni.

Kinachowaponza watu ni kwamba wanalipwa kwanza. Hela ikiingia wanadhani dai limekubaliwa na yameisha. Uchunguzi unakuja baadaye, wanarudi nyuma miezi, hata miaka. Orodha ya 31 haikuandikwa kwa siku moja.

#6 Mbeba Boksi

Sawa Mlinda Geti, hapo kwenye kulipwa kwanza umenigusa. Lakini si wanaishia kukudai urudishe tu? Nani atafungwa kwa pauni 60?

#7 Muuguzi wa Zamu

Naomba niingie hapa kwa sababu hili linahusu kazi zetu.

Kwa England na Wales jambo hili linaangukia Sheria ya Udanganyifu ya mwaka 2006. Kosa ni kutoa maelezo ya uongo kwa nia ya kujipatia faida. Angalieni hapo: kwa nia. Hata dai likikataliwa, hata usipopata senti, kosa limekamilika ulipobonyeza kutuma. Adhabu ya juu ni miaka 10. Kwa pauni 60 peke yake pengine hutafungwa, kweli. Lakini kesi hailetwi kwa pauni 60. Inaletwa kwa orodha nzima iliyo na jina lako, na wanaochunguza makosa ya reli ni polisi kamili, British Transport Police.

Na kifungo ndicho cha mwisho kunitisha mimi. Hatia ya udanganyifu inabaki kwenye rekodi. Sisi wauguzi tunatakiwa kuitangaza kwa baraza letu, hata ikiwa ni onyo la polisi tu. Watunza wazee wanapekuliwa rekodi kabla ya kuajiriwa. Mwajiri gani atakupa funguo za nyumba ya bibi wa miaka 90 akiona neno udanganyifu?

Kwa wasio na uraia ni zaidi. Ukiomba uraia wanapima tabia yako. Mgeni akihukumiwa miezi 12 au zaidi, sheria ya mwaka 2007 inaitaka serikali itoe amri ya kumfukuza nchini, isipokuwa anaingia kwenye misamaha michache. Mtu ameuza shamba la familia kumleta mtoto asome, halafu mtoto anarudishwa kwa ajili ya treni ambayo hakuipanda.

#8 Mswahili wa Bandarini

Salaam aleikum. Mimi ni wa Mombasa, nakaa Ujerumani mwaka wa nane sasa. Huku pia fidia ya treni ipo, lakini wamebana zaidi. Mpaka uchelewe dakika 60 ndipo upate robo ya nauli, na saa mbili ndipo upate nusu. Fidia isiyofika euro 4 hailipwi kabisa. Na tangu Juni 2023, kanuni mpya ya Ulaya ilipoanza, dhoruba kali ikikata njia, kampuni halazimiki kulipa. Muda wa kudai pia umepunguzwa, zamani ulikuwa mwaka mzima, sasa ni miezi mitatu.

Nasema haya kwa sababu nyinyi wa Uingereza mna kitu kizuri kuliko sisi. Dakika 15, bila kuulizwa sababu. Kitu kama hicho kikichezewa, wenye nguvu hupata hoja ya kukipunguza.

Kuna kisa cha China nilikisoma wakati wa korona. Juni 2020 polisi wa Nanjing walitangaza kumkamata mwanamke aliyetuhumiwa kuvuna bima ya kuchelewa kwa ndege. Alikuwa akitafuta safari zenye mazoea ya kuchelewa, anakata tiketi na bima kwa majina ya jamaa na marafiki zaidi ya 20, na ikikaribia saa ya kuruka akiona ndege haitachelewa, anairudisha tiketi. Karibu safari 900, na yuani kama milioni 3, tangu 2015. Kilichonishika mimi ni hao zaidi ya 20. Majina yao ndiyo yaliyokuwa kwenye karatasi, sawa na la mdogo wako, dada.

#9 Mleta uzi

Wa aleikum salaam ndugu yangu. Hapo ndipo panaponinyima usingizi. Fundi hajulikani. Namba yake ya simu haipatikani tena, kwenye kundi alijitoa usiku uleule watu walipoanza kuuliza maswali. Anwani kwenye madai ni ya mdogo wangu, na pauni zilizomfikia zimo kwenye taarifa yake ya benki. Fundi hakuwahi kuhitaji treni. Alihitaji watu wenye majina safi na shida ya hela, na anajua pa kuwapata: ni kwenye makundi yetu, ambako mtu akiandika kwa Kiswahili tunamwona ni wa nyumbani.

#10 Mgeni jukwaani

Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Sitasema niko mji gani. Mimi nilitoa akaunti mwezi wa tatu. Zimeingia mara nne, nimetuma nusu mara zote. Barua haijaja. Silali. Nifunge akaunti? Nifute zile barua pepe? Nisaidieni wakuu, nina watoto wawili.

#11 Mleta uzi

Mdogo wangu, au dada yangu, kwanza asante kwa kusema. Si jambo jepesi.

Usifute kitu. Ujumbe wa fundi, tarehe ulizomtumia nusu yake, jina la kundi, vyote ndivyo vinavyoonyesha ulitumiwa na nani na ulijua kiasi gani. Ukifuta, unabaki wewe peke yako na madai yenye jina lako, na kufuta kwenyewe kunaweza kuhesabiwa dhidi yako. Akaunti usiifunge leo kwa hofu. Badilisha nywila, iambie benki kwamba kuna mtu ana taarifa zako. Hela ikiingia tena usiiguse na usimtumie mtu nusu.

Halafu tafuta wakili kabla ya kuiandikia kampuni, kabisa kabisa. Sisi tulikosea hapo. Mdogo wangu aliandika barua ndefu usiku ule ile barua ilipofika, analia huku anaandika, akakiri mambo ambayo hakuyafanya akidhani ndiyo unyenyekevu. Wakili ilibidi aanze kwa kuirekebisha ile. Kama huna uwezo, nenda Citizens Advice, shirika la kushauri wananchi, ushauri ni bure. Na polisi wakikuita kwa mahojiano, hata ya hiari, una haki ya wakili bure. Usiseme naenda mwenyewe kwa sababu sina cha kuficha.

Kurudisha hela mapema kunasaidia, lakini wakili ndiye akuelekeze ni kwa njia gani na kwa maneno gani.

#12 Mlinda Geti

Naunga mkono yote hayo. Niongeze kwa wale wanaodai kihalali, maana hofu isije ikawafanya muache haki yenu.

Muda unahesabiwa kwa saa uliyofika mwisho wa safari. Saa treni ilipoondoka haihusiki. Treni ya kwanza ikichelewa dakika 6 tu lakini ukakosa ya kuunganisha na kufika umechelewa dakika 40, dai dakika 40, si uongo huo. Kama ratiba ilibadilishwa ikatangazwa mapema, kwa mgomo au matengenezo, unapimwa kwa ratiba ile mpya. Tiketi ya wiki hugawanywa kwa safari 10: ukilipa pauni 80, safari moja ni pauni 8, kuchelewa dakika 20 ni pauni 2. Dai kila safari peke yake, kwa tarehe yake. Anayedai mwisho wa mwezi kwa kukisia kumbukumbu ndiye anayeandika treni ambayo hakuipanda bila kukusudia. Ukiteremka, andika saa kwenye simu yako palepale.

Wakikataa dai la kweli, lalamika kwao kwa maandishi kwanza. Wakishikilia, peleka kwa Rail Ombudsman, msuluhishi wa malalamiko ya abiria wa treni, ipo tangu Novemba 2018 na hailipishi abiria. Nimeona watu wakishinda huko kwa sababu tu walitunza tiketi.

Na muwe na subira mkiombwa ushahidi zaidi ya zamani. Nilipoanza kazi, picha ya tiketi ilitosha. Siku hizi mama anayedai pauni 3 anaambiwa atoe na uthibitisho wa malipo. Hiyo imetokana na madai hewa.

#13 Mbeba Boksi

Dada mleta uzi, nimerudi kusoma tangu juu. Niseme ukweli, ule ujumbe ninao. Nilitumiwa wiki iliyopita na mtu ninayesali naye, na nilikuwa nimeshaandika namba ya akaunti, bado kutuma tu. Nimeufuta. Kwenye kundi letu la msikitini nimeweka uzi huu. Hasira yangu na treni iko palepale, ila nitadai yangu.

Mdogo wako imekuwaje?

#14 Mleta uzi

Mbeba Boksi, Mungu akulipe. Ila huyo anayesali nawe, zungumza naye ana kwa ana. Huenda na yeye ametoa akaunti na hajui.

Mdogo wangu bado. Kampuni imekubali kuangalia ushahidi wa yale madai 25 asiyoyajua, tumepeleka ratiba yake ya chuo, zamu zake za kazi, na picha za Idi, yeye na mbuzi ya nazi, saa imeandikwa pembeni. Yale sita ameyakubali, na hela anarudisha kidogo kidogo kwa mshahara wa wikiendi, nusu ya fundi nayo anailipa yeye. Kama watamfikisha mahakamani hatujaambiwa. Mama mdogo nyumbani hajui. Kila akipiga simu anauliza masomo yanaendeleaje, na mtoto anamjibu yanaendelea vizuri, halafu ananipa mimi simu.

#10, nimekutumia ujumbe wa faragha. Nifungulie.